Kishale cha Anti Beldina

Shule ya bweni imenifunza kuvumilia uchafu. Nimekula githeri yenye wadudu, nikawaombea safari njema kabla ya kuwameza. Lakini nyumba ya Anti Beldina, pale Kisian kando ya ziwa, ilinishinda.

Anti hufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya ofisi iko Nairobi. Yeye huifungua kwa mbali kupitia laptopu ya mezani na kutuma maagizo ya dawa za zahanati. Wiki hiyo mashine ilikuwa polepole hadi inakera. Akisogeza kishale cha kwenye skrini, kinatulia kwanza kama mtu aliyeposwa na asiyempenda, ndipo kisogee. Asubuhi Bwana Zacchaeus, mkubwa wake, alipiga simu: maagizo ya leo yasipofika kabla ya giza, Jumatatu Anti arudi kukaa Nairobi.

Na Anti akirudi Nairobi, mimi ningemalizia likizo Asembo Bay kwa Mjomba Wakhisi, nikichambua dagaa wa omena hadi nywele zinuke.

"Nasipwondi, umefanya nini na mashine yangu?"

"Sijaigusa, Anti."

"Na ni nani aliyepindua skrini yangu Pasaka?"

"Pasaka hata jiwe liliviringishwa, Anti."

"Funga mdomo, utengeneze."

Nilikaa kwa heshima zote za daktari wa upasuaji. Niliondoa ile picha ya mlima iliyopamba skrini, nikapunguza rangi, nikazima mahubiri yaliyokuwa yakiendelea kwenye dirisha jingine. Kishale kikazidi kutambaa. Nikatazama simu yangu: intaneti ya nyumba ilikuwa na mstari mmoja tu, nasi tumo ndani ya nyumba yenyewe.

"Anti, ruta iko wapi?"

"Iko salama."

Neno hilo lilinitia baridi. Nyama ya Krismasi pia ilikuwa salama, hadi majirani walipokuja kuuliza nani amekufa.

Alielekeza kidole kwenye kabati la sebuleni. Pale palikuwa na kitu nilichodhani ni pambo: maua ya plastiki juu ya kitambaa cha kufuma. Nikatoa maua. Nikatoa kitambaa. Chini yake palikuwa na sufuria, imefudikizwa.

"Anti, unaipika?"

"Ni hivi vidudu vya ziwani, mama. Jioni vikiona taa vinajaa. Ruta ya kwanza viliingia ndani ikafa. Hii nikaifunika."

"Intaneti haipenyi sufuria!"

"Si nilitoboa pa kupitisha waya?"

Nikaiinua. Mungu anisamehe kwa niliyoyasema. Ilikuwa sufuria ya samaki, iliyooshwa nje tu, na joto la ruta lilikuwa limeyeyusha mafuta yale ya zamani. Vidudu vilikuwa vimeingia kwa tundu la waya, vikanasa, vikafa kwa tabaka, vyeusi na vizito kama uji wa wimbi uliolala.

Nilifuta ruta nikiwa nimegeuza uso. Kishale kikaamka, kikakimbia. Anti akaanza kuandika kwa kasi, maagizo yakiondoka moja baada ya jingine.

Lakini jua lilikuwa limeinama, na kule ziwani vidudu vilianza kupanda kama moshi. Vikapita kwenye vioo vya dirisha visivyofungika, vikaifuata ruta ikikonyeza taa zake.

"Rudisha sufuria!"

"Nikirudisha unahamia Nairobi!"

Nilivipiga kwa taulo. Kimoja kikaingia puani. Viwili nilivimeza, na havina hata chumvi. Ndipo nikafungua sanduku langu la shule, nikatoa neti ya mbu, nikaihamishia ruta mezani, nikaikunja neti mara mbili na kumfunika Anti, laptopu na ruta.

Vidudu vikabaki nje, vikigongagonga neti.

"Nasipwondi, hii neti inanuka nini?"

"Bweni, Anti."

"Ilifuliwa lini?"

"Wewe tuma dawa."

Alituma, akikohoa. Kabla giza halijaingia simu ikalia. "Yamefika yote, Beldina," Bwana Zacchaeus alisema. "Endelea hukohuko."

Anti alitoka ndani ya neti akakimbilia kwenye sinki, akatema mate kwa muda mrefu.

"Kesho unafua hiyo neti ya shetani."

"Na sufuria?"

Aliichukua, akaisuuza kidogo kwa maji baridi, akaiweka jikoni.

"Leo tuna samaki."

Nikamwambia, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba nimeanza mfungo.