Binti Theluji wa Pili

Zuura alikataa kukaanga borsok, na msimamizi wa bustani aliyekuja kumwomba alijua kwa nini anakataa, ndiyo maana alizungumza huku akitazama viatu vyake. Likizo ya Mwaka Mpya ilikuwa imeanza na bustani ya mimea imefurika watoto. Wanakuja kucheza kuuzunguka msonobari mkubwa wenye taa, kupanda tela la kuteleza linalovutwa na trekta, na kuingia kwenye banda la vioo kushangaa migomba iliyo hai wakati nje hata pumzi inaganda kwenye skafu. Baada ya hapo wanataka chai ya moto na borsok, yale maandazi madogo ambayo bila hayo hakuna sherehe jijini Bishkek. Na mpishi wa kibanda cha chai alikuwa ameteleza langoni akavunjika mkono.

"Mimi nina migomba yangu," Zuura alisema. Kazi yake ilikuwa hilo banda la vioo, na humo alijificha mwaka mzima.

"Migomba haikimbii, dada Zuura," alidakia Temirbek, dereva wa trekta. Kila mwaka yeye ndiye Babu Barafu, mzee wa Mwaka Mpya anayewaletea watoto zawadi, si kwa kipaji bali kwa kitambi, kwa kuwa joho jekundu la bustani halimkai mtu mwembamba.

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Tumbo langu ndilo linalosema. Mimi mdomo tu."

Wafanyakazi wenzao wakacheka, Zuura hakucheka. Temirbek akasogea, akashusha sauti. "Dada, haya ni ya kuuza. Si ya wafu. Nani atakudai dua kwa maandazi ya kuuza?"

Hapo alipagusa penyewe. Kwa watu wa huko, Alhamisi na Ijumaa mafuta hutiwa moto kwenye karai ili harufu yake itoke nje iwafikie waliokufa, maana harufu ndiyo riziki yao. Halafu husomwa Fatiha, majina yakatajwa moja moja, na chapati saba zilizokaangwa humo zikagawiwa majirani. Anayetia mafuta moto siku hizo anajua anamtilia nani. Nyumbani kwa Zuura karai lilikuwa limefunikwa chini ya kitanda majira matatu ya baridi. Hata mumewe, aliyekufa zamani kwa maradhi ya kawaida, alikuwa amekosa harufu yake, kwa sababu ulimi ukishamtaja yeye ungetaka kuendelea mbele, na Zuura hakuutaka uendelee.

Jina lililobaki lilikuwa la Begimai, mwanawe wa pekee. Begimai ndiye aliyekuwa Binti Theluji wa bustani, mjukuu wa Babu Barafu, anayeitwa na watoto mara tatu ndipo atokee misonobarini aguse mti na taa ziwake. Siku ya mwisho ya likizo, majira matatu yaliyopita, alipanda gari la rafiki zake na joho lake la bluu mwilini, wakatumbuize watu wa kuteleza kule bondeni kwenye milima. "Nitabadilisha nikirudi," alisema. Theluji ikaporomoka juu ya barabara. Majira ya kuchipua gari lilipatikana, na rafiki zake ndani. Yeye hakuwamo.

Ndugu walikuja, shehe alikuja, wakamsihi amsomee mtoto. Zuura akawajibu jibu lile lile. "Nionyesheni mwili, nitasoma." Mwisho wakachoka, na koti la Begimai likaendelea kuning'inia nyuma ya mlango wa banda la vioo, likipigwa brashi kila wiki.

Haya, ni ya kuuza tu, alijiambia. Akafunga aproni.

Siku za mwanzo zilipita kwa kelele tu. Zuura alikaanga, watoto wakala, Temirbek akapita kila mara na ndevu zake za pamba kudai "kuonja," na kila alipoonja pamba ikapata mafuta. Binti Theluji wa sasa alikuwa Perizat, mwanachuo wa ualimu, msichana mpole aliyemwogopa Zuura waziwazi. Alikuwa na taji la dukani linalong'aa. Zuura hakumtazama alipoweza.

Alhamisi mchana upepo ulikaa upande mmoja. Moshi wa karai ukawa unakwenda moja kwa moja hadi kwenye misonobari nyuma ya uwanja. Watoto wakapiga kelele, "Binti Theluji! Binti Theluji! Binti Theluji!" Perizat akatoka, taa zikawaka, makofi yakapigwa. Kitoto cha kike chenye kofia nyekundu kikaja kibandani, kikapokea borsok zake, lakini hakikuondoka.

"Bibi, mbona yule Binti Theluji wa pili hapewi?"

"Wa pili yupi?"

"Yule. Aliyesimama kwenye moshi wako."

Zuura akatazama. Aliona miti na theluji.

"Ameenda sasa," kitoto kikasema. "Nguo yake imelowa. Mwambie abadilishe, atapata kikohozi."

Zuura aliuangusha mwiko kwenye karai na mafuta yakamrukia mkononi. Hakusikia maumivu mpaka jioni.

Kesho yake, Ijumaa, alikaanga akitazama misonobari kuliko alivyotazama karai, hata borsok zikaungua na watu wakanung'unika. Watoto walipoita mara ya tatu, wawili walitoka. Perizat alikimbilia kwenye mti. Yule mwingine alibaki mwanzo wa miti, moshi ukimpitia, kichwa amekiinua kidogo, akinusa. Joho la bluu lilimganda mwilini. Taji lake lilikuwa limepinda upande wa kushoto, na Zuura alijua kwa nini limepinda, maana alilishona mwenyewe kwa shanga na upande huo shanga zilimwishia.

Mtu mzima alipaswa kuogopa. Zuura alifurahi. Akashika ukingo wa meza, akacheka na machozi juu, mnunuzi mmoja akadhani ni moshi. Kwamba aliye hai haji kwa harufu ya mafuta, hilo alilijua vizuri. Kwamba aliyekuja alikuja kwa njaa, hilo pia alilijua. Lakini akili ya mama aliyekosa kumwona mwanawe majira matatu ina ujanja wake mbaya. Ilimwambia kwamba jina likitajwa, Begimai atapata riziki yake na atakwenda zake. Lisipotajwa, atarudi Alhamisi.

Akafunga kibanda bila kulitaja jina.

Wiki ile walimshangaa. Alikuja kazini na hereni. Alimsalimia Perizat, akamsifu hata sauti, msichana wa watu akabaki mdomo wazi. Temirbek peke yake hakufurahi naye. Jumatano alimkuta akikanda unga wa kesho, akavua zile ndevu akaziweka juu ya meza.

"Dada Zuura, watoto wananiuliza kwa nini siku hizi nina wajukuu wawili."

"Watoto wanasema mengi."

"Ijumaa nilikuwa kwenye trekta. Nilimwona na mimi." Akanyoosha viganja. "Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba ile theluji, unajua. Nilimtafuta kwa mikono hii. Dada, umemwita mezani na hujampa sahani."

"Nyamaza!" Zuura alimrushia unga. "Wewe una watoto watano nyumbani wanakusumbua kwa kelele. Mimi nina saa moja kwa wiki, na hiyo unanionea wivu? Toka na mapamba yako!"

Temirbek alizichukua ndevu zake, unga juu ya kope, akatoka.

Alhamisi ilikuwa na baridi kavu, jua la kudanganya. Zuura alijaza bakuli borsok za moto, akamwachia Perizat kijiko cha matundu.

"Simamia mafuta."

"Lakini mama, mimi si ndiyo zamu yangu ya kutokea?"

"Watasubiri. Wewe uko hai, hutaharibika."

Akavuka uwanja. Begimai alikuwepo kabla ya kuitwa, palepale moshi ulipokatiza miti. Kwa karibu alionekana amekonda. Mashavu yake, yale aliyokuwa akitaniwa kwa unene wake, yalikuwa yamekwisha. Nyayo hazikuwepo chini yake.

"Begimai," Zuura akasema. "Kula, mamangu. Zina moto bado."

Alimpa moja. Ikapita katikati ya kiganja ikazama kwenye theluji. Begimai akainama kuiokota, vidole vikapita. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingine, taratibu, bila hasira, kisha akainua macho akamtazama mamake. Zuura aliujua mtazamo huo. Nyumbani kwao mtoto hagusi chakula mpaka mkubwa aseme, na Begimai tangu mdogo alikuwa mtiifu kwa hilo kuliko kwa lingine lolote. Alikuwa akikaa mbele ya sahani, mikono magotini, akimtazama mamake hivyohivyo, akingoja aambiwe: haya, anza.

Amengoja majira matatu. Haikuwa theluji iliyomkalisha mwanawe na njaa muda wote huo. Ilikuwa yeye, na wiki hii alikuwa amefanya hivyo kwa makusudi, tena akavaa na hereni.

"Usiondoke," alimwambia. "Nakuja. Usiondoke, mama."

Alirudi kibandani mbio, akiteleza. Akachukua unga akausukuma bapa, akakaanga chapati saba, kama inavyotakiwa. Foleni ikalalamika. "Leo haziuzwi!" aliwapigia kelele. Kisha akaita hadi sauti ikapasuka: "Temirbek! Temirbek wee! Njoo unisomee!"

Temirbek alikuja na joho lake jekundu na fimbo yake ya nyota. Alipoona chapati saba hakuuliza. Alizishusha ndevu hadi shingoni, akavua kofia yake yenye manyoya akabaki na ile ndogo aliyoivaa chini yake, akapiga magoti kwenye theluji pembeni ya karai. Babu Barafu akasoma Fatiha. Wazazi waliokuwa kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, wakachutama na kukunjua mikono. Watoto, walioona Babu Barafu amepiga magoti, wakadhani ni mchezo mpya, nao wakapiga.

Alipomaliza kusoma, Temirbek alimgeukia Zuura. Ilikuwa zamu ya mwenye mafuta kusema.

"Kisomo hiki kimfikie marehemu mume wangu, Satybaldy," Zuura alisema. Mafuta yalilia kwenye karai. Kule kwenye miti Begimai alikuwa amesimama, mikono ameiweka mbele ya joho lake, akingoja.

"Na kimfikie..." Alimgeukia Temirbek kama mtu anayetaka asaidiwe mzigo. Temirbek akatikisa kichwa. Hilo halisaidiwi.

"Kimfikie marehemu binti yangu, Begimai," alisema. "Haya, mama. Anza."

Watu wakapitisha viganja usoni. Zuura hakupitisha, maana hakutaka kufumba macho. Alimwona Begimai ana chapati mikononi, inatoa mvuke. Alimwona akiimega na kuila kwa pupa, kama alivyokula zamani akitoka shule, mashavu yakijaa. Alikula yote. Halafu akajifuta mikono kwenye joho, tabia aliyokuwa akigombezwa kila siku, na Zuura mdomo ukamtoka wenyewe, "Si kwenye nguo, Begimai!" Begimai alitabasamu, hilo Zuura ataapa nalo. Kisha akageuka akaingia misonobarini.

Chapati ziligawiwa foleni nzima vipande vipande. Perizat akaitwa mara tatu, akatokea na unga kwenye pua, taa zikawaka kwa kuchelewa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya likizo. Asubuhi Zuura alilishusha lile koti nyuma ya mlango, akampa Perizat, ambaye lake lilikuwa jepesi. Halafu akaenda kibandani. Akajiambia haendi kutazama chochote. Upepo ulikaa palepale, moshi ukaenda moja kwa moja hadi kwenye miti. Alikaanga borsok nzuri kuliko siku zote. Watoto wakaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na yeye akaacha kijiko, akasogea hadi nje ya kibanda, akanyanyuka kwa vidole vya miguu.

Alitoka Perizat.

Kitoto chenye kofia nyekundu kilikuja na bakuli lake. Zuura alilijaza hadi likamwagika. Akainama, uso kwa uso nacho.

"Mjukuu wangu, niambie. Yule Binti Theluji wa pili umemwona leo?"

Kitoto kilitazama misonobari muda mrefu, kwa adabu, kama anayetaka kumpendeza mtu mzima.

"Wa pili yupi, bibi?"