Regyuleta ya Manjano

Kuanzia Molo hadi Naivasha, ukimwuliza Travis Makokha mwenyewe, hakukuwa na kiumbe cha kumshinda majini isipokuwa kiboko, na hata kiboko alimzidi kilo tu. Maneno hayo alishayasema kwa vijana wa boda, kwa kinyozi wake, na kwa mchungaji aliyembatiza, ambaye alimjibu kwamba siku ile ya ubatizo alimeza maji nusu ya kisima. Sasa alikuwa anamwambia mwanamke aitwaye Wariara, ndani ya duka lake kule viwandani Nakuru.

"Maji mimi nayajua, madam. Ni kama yalinizaa."

"Basi msalimie mama yako," Wariara akasema bila kuinua kichwa.

Wariara alikuwa ameinamia mtungi wa kuzimia moto, anaukaza kwa spana. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kujaza mitungi hiyo. Lakini kabla ya hapo alikuwa mpiga mbizi. Alisafisha mabomba na pampu chini ya maji, na mtu akipotelea kwenye bwawa lolote la Bonde la Ufa, hata sasa yeye ndiye aliyepigiwa simu. Nyuma ya duka bado alikuwa na vifaa vya kuzamia, pamoja na kompresa ya kujazia mitungi ya hewa. Ndiyo maana Travis alikuwa pale. Alitaka regyuleta yake ya kwanza, kile kifaa ambacho mzamiaji hukiuma mdomoni ili apumue.

"Unataka kuzamia nini?" Wariara akauliza.

"Nataka kumsalimia mzee wangu."

Wariara akaweka spana chini. Travis, ambaye angeweza kukuchekesha kwenye foleni ya hospitali, akajikuta anaeleza bila mzaha hata mmoja.

Babake, Mzee Makokha, alikuwa mchomeleaji wa mabomba kule Olkaria. Babu wa akina Travis aliletwa bondeni na kazi ya reli, na kule magharibi hawakubakiwa na kitu ila jina. Kwa hiyo mzee alinunua kiwanja karibu na Ziwa Naivasha, akajenga, na kifua kilipomshinda akazikwa hapo hapo, nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi. Halafu ziwa likaanza kutembea. Mara ya kwanza lilikuja kama dimbwi tu langoni, na mama yake Travis, Nasimiyu, akacheka akasema atapanda nduma. Dimbwi likafika mlangoni. Likaingia ndani. Siku walipohama kwenda kupanga vyumba Nakuru, kaburi lilikuwa limezama na msalaba ndio uliobaki juu ya maji, kama mtu anayeinua mkono darasani. Baadaye nao ukazama.

Sasa watoto walikuwa wamempatia mama kiwanja Molo. Mawe ya msingi yalikuwa yameletwa. Mama akakataa jembe lisiguse ardhi.

"Mtu hahamishwi kama gunia la viazi," alisema. "Boma likihama, mwenyewe anaambiwa, na udongo wa kaburi lake unatangulia. Mkinizika Molo bila yeye, mtakuwa mmenizika ugenini."

Hakusema hivyo kwa kutisha. Moyo wake ulikuwa umechoka, madaktari walishasema, na miguu yake ilikuwa ikivimba kila jioni kama mikate. Na anayekwenda kumwambia marehemu lazima awe damu yake, si mtu wa kukodiwa. Ndipo Travis, kitindamimba, aliyefahamika kwa kuchelewa hata kwenye chakula, akasimama katikati ya kikao akasema, "Udongo nitauleta mimi." Wote walicheka isipokuwa mama.

Wariara akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akaingia nyuma ya duka, akarudi na regyuleta mbili, akaziweka juu ya benchi. Moja ilikuwa nyeusi, imechubuka kama kiatu cha mwalimu, ila mpira wake wa kuuma ulikuwa mpya. Nyingine ilikuwa ya manjano, inang'aa, ya kupigiwa picha.

"Hewa ya mtungini ina hasira," alisema. "Ukiifungulia hivi hivi itakupasua mapafu. Kazi ya hii ni kuipoza, ikupe pumzi ukiivuta, ikunyime usipovuta."

"Kumbe ni kama ile ya meko ya gesi."

"Ya meko ikigoma, unakunywa maji ulale. Hii ikigoma, maji yanakunywa wewe." Akaifunga ile nyeusi kwenye mtungi, akampa. "Vuta."

Travis akavuta. Hewa ikaingia polepole, bila kishindo, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Karibu asahau kwamba ana kitu mdomoni.

"Sasa hii."

Akauma ya manjano. Akavuta, ikatoa *hhhhh*. Akatoa pumzi, ikajibu *khrrr*. Duka likamtoroka machoni. Akajiona wodini, amekaa ukingoni mwa kitanda, na babake amefungwa ile barakoa ya oksijeni, *hhhhh*, *khrrr*, *hhhhh*, *khrrr*, usiku kucha, hadi ilipofika *hhhhh* isiyojibiwa.

Akaitoa mdomoni haraka.

"Nini?" Wariara akamtazama.

"Ina ladha ya tairi ya probox."

Wariara hakucheka. "Sikiza, kijana. Ya manjano haina ubaya, ila ina kelele. Nyeusi ni mzee lakini inapumua vizuri. Regyuleta ya kwanza haichaguliwi kwa macho. Chagua ile utakayoisahau mdomoni, kwa sababu huko chini ukianza kuikumbuka, umekwisha."

Jibu lilikuwa wazi. Hata mbuzi angeokota nyeusi. Lakini Travis aliona kwamba akiichagua ile ataulizwa kwa nini aliitema ya manjano upesi vile, na mtu aliyezaliwa na maji angeanzaje kueleza kwamba anaogopa mlio?

"Hiyo nyeusi ilitumiwa na Nuhu kukagua safina," akasema. "Nipe ya manjano, madam. Mzee wangu aniambie nimependeza."

Wariara alimtazama zaidi ya kawaida, kisha akaifunga kwenye mfuko.

Alimfundisha kwenye bwawa la hoteli moja mjini, wikendi baada ya wikendi, na huko Travis alikuwa moto wa kuotea mbali. Alishuka, akakaa chini, akapiga saluti, akatoa mapovu kwa mapozi. Bwawani kulikuwa na watoto wanapiga kelele na spika inayotetemesha vigae mpaka chini ya maji. Ule mlio hakuusikia hata kidogo. Akaamini umekwisha.

Halafu mama akalazwa, na alipotoka alikuwa amepungua hadi pete ikawa inaanguka. Ndugu wakaamua: Jumamosi ijayo, Molo, udongo uwekwe. Travis akaenda kuchukua mtungi.

"Ngoja nirudi," Wariara akamwambia. "Nimeitwa bwawa fulani huko juu, kuna mtu hajapatikana. Tutashuka pamoja Jumapili."

"Jumapili mama atakuwa ameshangoja sana. Lakini usijali, kuna diver wa Naivasha, tunashuka naye."

"Anaitwa nani?"

"Kigen," akasema Travis, jina la jirani yao muuza mayai, ambaye haogi hata mvua ikimfuata.

Wariara akampa mtungi uliojaa, akamwonyesha tena mshale wa geji, ile saa ya kupima hewa iliyobaki, akamwambia, "Usishuke peke yako. Nimeopoa wengi walioshuka peke yao."

Alfajiri ya Ijumaa, Ngigi, mwenye mashua aliyelijua kila paa lililozama, alimpeleka Travis hadi kwenye mparachichi. Ulikuwa umekauka, mweupe, ndege weusi aina ya mnandi wamejaa matawini kama waombolezaji waliowahi viti. Pembeni yake ncha ya paa la jikoni ilichungulia majini.

"Diver mwenzako ako wapi, boss?" Ngigi akauliza.

"Ametangulia."

"Sawa. Ukimkuta mwambie bado hajalipa nauli."

Travis akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Akavaa mtungi, akateleza majini, akashika tawi. Maji yalikuwa baridi. Hapakuwa na spika wala watoto. Akauma regyuleta, akazamisha uso.

*Hhhhh. Khrrr.*

Hakukuwa na sauti nyingine ulimwenguni. Chini yake kulikuwa na kijani kizito, na ndani ya hicho kijani, mahali fulani, mzee alikuwa amelala, naye Travis alikuwa anapumua kwa pumzi za babake zile zile za mwisho. Akainua uso, akatema regyuleta, akatapika chai ya asubuhi ziwani.

"Uko poa?" Ngigi akauliza.

"Nimekula vibaya."

Akajaribu tena. *Hhhhh*. Safari hii hakungoja jibu. Akaurukia ubavu wa mashua kama paka aliyemwagiwa maji, akalala humo, mtungi mgongoni. Ngigi akageuka akatazama ndege. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na huo ndio wema wote aliokuwa nao wa kutoa.

"Nirudishe ufukweni," Travis akasema mwishowe.

Ufukweni, mahali ng'ombe wanaponywea, akainama akajaza tope kwenye mkebe aliopewa na mama. Mkebe ulikuwa umeoshwa na kukaushwa, na ndani mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Travis akafunika.

"Mimi kazi yangu ni kasia," Ngigi akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Molo siku ya Jumamosi ilikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Ndugu walisimama kuzunguka shimo dogo katikati ya kiwanja, mchungaji akipuliza vidole vyake kati ya mstari na mstari. Mama Nasimiyu aliketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta kubwa ya kijivu. Ilikuwa ya mzee. Hakuwa ameivua tangu msimu wa baridi uanze.

Travis alitoa mkebe. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akaufungua, akachovya vidole, akaufunga tena kana kwamba kilichomo kitapata baridi.

"Uliona msalaba?"

Angeweza kusema hapana, giza lilikuwa jingi. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, wale wale waliocheka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anacheka.

"Umesimama, mama. Hata jina linasomeka. Samaki wanapita pale wakipiga saluti."

Kicheko kidogo kikapita. Mama akatabasamu. "Na ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nikamwambia tumehamia Molo, na mama anakuja na wewe."

"Akasemaje, baba?"

Ulimi wa Travis ulikuwa umezoea kukimbia mbele ya mwenyewe. "Akasema Molo kuna baridi sana, asisahauliwe sweta."

Watu wakacheka sana, hata mchungaji. Mama alicheka hadi akafuta macho. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Hata mwaka wa jua alilala na soksi." Kisha, kabla yeyote hajamzuia, akaanza kuvua ile sweta. Mikono yake ilikuwa mizito, akanaswa kichwani, binamu mmoja akamsaidia. Ndani alikuwa na gauni jepesi tu. Akaikunja sweta vizuri, kola juu, akaomba ashushwe chini, akaitandika ndani ya shimo. Juu yake akaanza kumimina tope la ng'ombe, kiganja baada ya kiganja, akizungumza na mumewe kwa Kibukusu, sauti ya chini, kama watu wawili walio kitandani.

Alikuwa anatetemeka. Travis akavua jaketi yake akamfunika mabegani. Alitaka kusema kitu. Kila neno lililomjia lilikuwa la mzaha.

Hapo ndipo pikapu ya Wariara ilipofika. Travis mwenyewe alikuwa amemwalika siku ile ya kuchukua mtungi, alipokuwa bado na uhakika. Wariara alishuka, macho yamemwingia ndani. Bila shaka yule mtu wa bwawani alikuwa amepatikana. Akasalimia kwa kichwa, asivuruge, akaenda moja kwa moja ukutani pa kibanda cha vifaa, ambapo Travis alikuwa ameegemeza mtungi na regyuleta yake, alivyokuja navyo ili watu wavione. Fundi ni fundi hata matangani. Akafungua koki akasoma geji. Akaigonga kwa kucha. Akasoma tena. Akafunga koki, na kama wazamiaji wanavyofanya siku zote kabla ya kufungua regyuleta, akabonyeza kitufe kutoa hewa iliyobaki kwenye mpira.

*Hhhhhhh.*

Mlio ulipita juu ya kiwanja chote. Mama Nasimiyu akaacha kuongea. Akainua kichwa, viganja vimejaa tope, akaangalia upande ule kama mtu aliyeitwa.

"Travis," Wariara akasema. Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua ni duka gani. "Huu mtungi umejaa kama nilivyokupa. Ulijaziwa tena wapi baada ya kushuka, na kompresa iko kwangu peke yangu?"

Wariara akamtazama Travis, akatazama tope, akatazama mama aliyepiga magoti bila sweta. Mkono wake ukashuka kutoka kwenye geji.

Mama hakumwangalia Wariara. Alikuwa akimwangalia mwanawe, na Travis, aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia Molo hadi Naivasha, akafungua mdomo, akavuta pumzi, na haikumpatia hata neno moja.