Sori, Niko Nyuma Yako

Shemeji yangu alilipenda neno moja la Kizungu kuliko alivyompenda mdogo wangu aliyemuoa: sori. Akitaka kupita, sori. Asiposikia, sori? Maini yakiisha, mteja huambiwa sori. Na akishampiga mkewe usiku, asubuhi humletea barafu kwenye taulo na sori nyingine, laini, ya kubembeleza. Yaani kumkanyaga mtu kidole ni sori, na jicho kuvimba mpaka halifunguki ni sori hiyo hiyo!

Bucha ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mkata nyama, mdogo wangu alikaa kwenye mizani. Nyuma ya kaunta ni pembamba, kwa hiyo mwenyewe akaweka sheria: ukipita nyuma ya mtu na kisu, sema "Sori!" kwa nguvu, naye asitikisike mpaka upite. Akisogea akachomwa, shauri yake.

Jumamosi moja bucha imejaa, mdogo wangu akampimia mteja nyama ya kuzidi. Shemeji akamkamata shingo, akambamiza uso kwenye mizani. Puu! Damu ikamtoka puani. Wateja wakainamia viatu vyao.

"Shemeji, mwache!" nikapiga kelele.

"Ya mume na mke hayakuhusu. Wewe kata nyama."

Akachukua panga la mifupa. "Leo nakunyoosha," akamwambia mkewe, na mkewe hata hakukimbia. Alifumba macho tu.

Nilikuwa na kisu cha kuchunia mkononi. Nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Sori!" Bucha nzima ilinisikia.

Hasira zilikuwa zimemziba masikio. Akarudi nyuma hatua moja apate nafasi ya kupiga. Mkono wangu sikuuondoa. Kisu kikamwingia kiunoni mpaka mpini, panga likamponyoka, akaanguka kwenye vumbi la mbao la sakafuni akilia kama mtoto.

"Alimwonya?" polisi wakauliza.

"Alisema sori," wateja wakajibu kwa pamoja. "Ndiyo sheria ya hapa."

Hakufa. Sasa anatembelea mkongojo na kunitumia watu wanitishe. Majuto sina hata chembe, nayasema haya mchana kweupe.

Mdogo wangu alihamia kwangu. Akanenepa kidogo, akaanza kucheka, nikadhani yameisha. Kumbe mwenye kovu usidhani kapoa. Jana tunakula, binti yangu akapita nyuma yake na sufuria ya moto.

"Sori, mama mdogo."

Kijiko kikamponyoka. Akajikunja, akafunika uso kwa mikono miwili, akangoja. Binti yangu akaanza kulia, hajui kakosa nini.

"Humu ndani tunasema nipishe," nikamwambia. "Umesikia? Nipishe."

Nikampigia magoti mdogo wangu, nikamshika viganja, nikamwita kwa jina la utotoni. Hakuishusha mikono.