Futi Iliyolegea

Haya, fumbueni hili: ana miguu minne lakini hatembei, na mwenye miwili akimkalia, naye hatembei. Ni kiti, si kingine. Palikuwa na fundi mmoja wa nguo aliyekikalia miaka thelathini.

Mkasi ulikuwa kulia kwake, uzi kushoto, meza ya pasi nyuma ya bega. Vyote alivifikia bila kunyanyuka, na alijisifu kwa hilo. Zamani angalau alikanyaga pedali. Cherehani ilipofungwa mota, miguu nayo ikastaafu. Haba na haba, mwili ukajaa.

Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, akikaa ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Fundi alikuwa ameahidi kwamba mjukuu akizaliwa, yeye ndiye atakayemwogesha. Lakini siku alipokwenda kumjulia hali, pumzi zilimkatikia ghorofa ya pili na magoti yakagoma. Binti akashuka na tumbo lake, wakazungumzia pale pale ngazini.

"Usijali, mama. Nitatafuta mtu wa kumwogesha."

Neno hilo "mtu" lilimchoma kuliko sindano.

Kesho yake akaenda kliniki. Muuguzi akampima kiuno: sentimita mia na kumi na mbili.

"Usijishindishe njaa, mama. Nusu ya sahani iwe mboga, punguza sukari na mafuta, tembea kila siku. Polepole tu, utafika."

Akaanza kutembea alfajiri na mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimshonea vifungo pale dukani. Baada ya wiki mbili akachukua futi yake ya kazini, utepe wa kupimia wateja, akajizungushia kiunoni. Mia na tisa! Akapiga vigelegele.

"Taratibu, dada," mdogo wake akasema. "Ukiendelea hivyo tutakupitisha kwenye tundu la sindano."

Furaha ikamlegeza. Leo mvua, hakutembea. Kesho soda mbili za kujipongeza. Mwezi ulipotimia akarudi kliniki kifua mbele. Muuguzi akapima: mia na kumi na mbili, vile vile.

"Futi yako mbovu, mwanangu. Mimi napima watu tangu hujazaliwa," fundi akamjibu.

Muuguzi hakubishana. Aliiomba futi ya fundi, iliyoning'inia shingoni kama kawaida, akailaza mezani sambamba na yake. Ya fundi ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Miaka ya kuvutwa na kuvutwa ilikuwa imeirefusha. Wateja hawakuwahi kulalamika, maana aliwapima kwa futi hiyo na kukata kitambaa kwa futi hiyo hiyo; uongo ulikuwa ukijisahihisha wenyewe. Kiunoni kwake tu ndiko ulikokosa wa kuusahihisha.

Siku mbili hakutoka kutembea.

"Nimechoka. Binti atafute huyo mtu wake."

"Na mimi niliyeamka alfajiri mwezi mzima?" mdogo wake akafoka. "Soksi zangu zimetoboka kwa ajili ya nani? Futi imekudanganya, sawa. Miguu je? Juzi umepanda ngazi za sokoni hujashika ukuta. Nilikuona, nikanyamaza nisikutie kiburi."

Fundi aliitazama miguu yake. Alikumbuka zile ngazi. Kweli, hakushika ukuta. Kumbe mwezi mzima alikuwa akiuomba utepe sifa, na miguu iliyofanya kazi hakuiuliza hata salamu.

Akainuka, akaiburuta meza ya pasi mpaka kona ya mbali, karibu na mlango.

"Sasa huko nani ataifuata?"

"Mwenye mshono."

Kila mshono hupigwa pasi kabla ya mshono mwingine kuupitia, basi kila mshono ukamnyanyua. Jioni mdogo wake alikuwa amehesabu safari thelathini na nane. Kutembea wakakurudia. Siku moja fundi akataka kuharakisha mambo, akaruka chakula cha mchana. Njaa ikampotezea umakini, akashona mkono wa shati ndani nje. Hakurudia. Na siku nyingine alishindwa tu, akala keki, akalala. Kulipokucha akavaa viatu.

Mtoto alizaliwa wiki mbili kabla ya siku zake. Kiuno, kwa futi mpya, kilikuwa mia na saba. Siku binti aliporudi nyumbani na mtoto, fundi akaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza alipanda akiongea. Ya pili alinyamaza. Ya tatu akaketi kwenye ngazi, moyo ukimdunda.

Sauti ya binti ikateremka: "Mama, kaa hapo hapo, nakuletea mtoto!"

"Thubutu! Kichanga hashushwi ngazi kwa ajili ya mtu mzima. Maji umechemsha?"

"Yako tayari."

"Basi yaache yapoe kidogo. Nakuja, ila kwa mwendo wangu."

Akavuta pumzi, akashika chuma cha ngazi, akainuka. Alipokunja mikono ya gauni lake mbele ya beseni, maji yalikuwa bado vuguvugu.