Mshale Uliomtoboa Sultani Adhama

Ilikuwako nchi, wala msiniulize iko upande gani, ikiitwa Inamani, kwa kuwa raia wake walizaliwa, wakaoana na kuzikwa wakiwa wameinama. Mtawala wao, Sultani Adhama, alikuwa mfupi, tena mfupi kwelikweli. Lakini Waziri Sifa alimzungushia kilemba cha dhiraa tatu, akapitisha sheria kwamba kilemba hicho ndicho kichwa chenyewe, na kwamba atakayeinua macho kuhakiki atanyongwa. Watu wakaamini. Wangefanyaje, masikini, na maisha yao yote hawakuona ila viatu vyake!

Humo aliishi mwindaji mmoja, mwanamke jina lake Shabaha, asiyekosa hata swala aliye mbioni. Mumewe alinyongwa kwa kuinua uso apige chafya. Msiba ule ukamkaa rohoni, nami simlaumu. Siku ya gwaride, Sultani alipopita kwa madaha, Shabaha alivuta upinde hali ameinama, akapima kutoka viatuni mpaka pale sheria ilipokiweka kichwa, akafyatua. Lahaula! Mshale ukapenya kitambaa, dhiraa nzima juu ya utosi wa dhalimu, ukatokea upande wa pili. Wakamkamata papo hapo.

Kesho yake barazani, Sultani akiwa kwenye kiti chake cha enzi na watu wote wameinama, Waziri Sifa alisimama mbele ya Kadhi Insafu, mzee aliyechoshwa na maumivu ya mgongo.

"Mheshimiwa Kadhi, mwanamke huyu amemtoboa Sultani wetu kichwa. Anyongwe."

"Taratibu, Waziri. Kilichotobolewa ni kichwa au kitambaa? Kama ni kitambaa, bibi huyu apewe sindano na uzi akishone, kisha aende zake."

"Astaghfirullahi! Ni kichwa, kama sheria isemavyo."

"Na mshale uliingia huku ukatokea kule?"

"Naam, sote tumeusikia."

"Inna lillahi! Basi Sultani wetu amefariki tangu jana, nasi tumekaa tu hapa bila kumzika."

Shabaha, mikono imefungwa nyuma, akasema kwa sauti kavu, "Mimi nilikusudia kuua, sikatai. Ila kabla hamjaninyonga, nijibuni: nimeua, au sikuua?"

Hapo Sultani akashindwa kujizuia. "Mimi ni mzima, wapumbavu ninyi!" akafoka, akakivua kilemba na kukitupa chini.

Sauti ilitoka chini mno kuliko walivyozoea kuidhania, na kwa mshangao watu wakainua vichwa, mmoja mmoja, mpaka ukumbi mzima. Wakamwona mtu mwenye kipara, jasho linamtiririka, miguu yake inaning'inia kitini haifiki sakafuni.

"Kumbe kitambaa," akasema Kadhi. "Mfungueni mama wa watu."

"Mnyongeni!" akapiga kelele yule mtu. "Askari, mnyongeni sasa hivi!"

Askari wa zamu, kijana mnyofu aliyeapa kukilinda kile kiti hata kufa, akamsogelea, akamshika mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana, lakini shuka. Hapo hukaa Sultani."