Noti Isiyopumua

Doriane, mwanafunzi wa bweni mjini Mbarara na bingwa wa kuficha kengele ya shule, alikuwa amefanya jambo moja tu la dhati maishani, nalo lilikuwa likifa mbele ya macho yake. Likizo nzima, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, aliuhamishia muziki wa mchezo wa kuigiza wa zamani wa Ulaya kwenye fanfari ya kanisa lao, yaani bendi ya vyombo vya kupuliza tu, ili waupige kwenye tamasha mjini Mbarara. Palipoandikwa fidla aliweka klarineti. Palipoandikwa kinubi alimwomba radhi marehemu mtunzi, akaweka tarumbeta zilizozibwa vitambaa.

Katika mchezo ule, binti aliyezama anaibuka ziwani akiwa mzimu. Fidla zinashika noti moja, nyembamba, ya juu, mpaka atoke majini. Fidla hazina mapafu. Wapiga klarineti wanne wa Nakivale wanayo, tena wamelelewa na nyimbo za ibada: mstari ukiisha, wote wanavuta pumzi pamoja. Noti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena.

"Muzimu yako iko na kikohozi," alisema Papa Barnabé, kiongozi wao. "Ikikatika tena mu mazoezi ya mwisho, tunatosha ile fasi, tunaitupa inje. Tutapiga machi ya gwaride."

"Papa, mukiitosha, binti anabakia chini ya maji."

"Basi ajifunze kuogelea."

Doriane akawafundisha kupumua kwa zamu. Walihesabu, wakapotea, wakapumua pamoja kwa upendo wa Kikristo. Ndipo akaamua kutumia kipaji chake halisi.

Alimwita pembeni Déo, mmoja wa wale wanne wa klarineti. "Yaya, mukubwa wangu, usiambie mutu. Ulrich kifua yake haina nguvu. Akivuta pumzi, wewe shikilia, umufunike. Asijue, atasikia haya."

Déo alikunja uso kwa huruma. Kisha Doriane akampelekea Ulrich habari za kusikitisha za kifua cha Déo. Mariette aliambiwa juu ya Grégoire, Grégoire juu ya Mariette. Wote waliapa kutunza siri.

Mazoezi ya mwisho yalifanyika ukumbini Mbarara, asubuhi ya tamasha. Noti ikaanza. Ikafika pale ilipozoea kukatika, Doriane akafumba macho.

Ikapita.

Alipofumbua, hakujua tena inatoka kwa nani. Ilining'inia juu ya vichwa vyao kama kitu ambacho hakuna aliyekipuliza. Mama aliyekuwa akifagia alisimama na ufagio wake. Doriane alisahau kabisa kwamba aliijenga kwa uongo. Binti alikuwa akitoka majini, na maji yalikuwa yakimwachia.

Ilipokwisha, Papa Barnabé alibaki ameinua mkono. Kisha akakunja karatasi za machi, akazikalia.

Nje, Déo alimnong'oneza Doriane, "Bila mimi, Ulrich angeanguka."

Doriane akageukia ngazi. Ngazini, Ulrich alikuwa akishuka na masanduku mawili ya klarineti, lake na la Déo, ili mgonjwa asichoke. Déo akakimbia kumpokonya yote mawili.