Kiatu cha Kushoto na Njia ya Rongai

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye lango la mlima bila kibali, bila fimbo, bila kofia ya kuziba masikio, bila meno yangu ya mbele ambayo hulala kwenye glasi, bila kiatu cha kulia, na bila mwenzangu. Koti nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa sababu nililala nalo.

Nieleze kwanza, maana ndoto isiyo na maelezo ni kelele tu. Mjukuu wangu Aikande, anayefanya kazi Dodoma, anataka tupande Kilimanjaro pamoja mwezi wa nane. Mimi nina miaka sabini na mitatu. Tumekubaliana nitapanda mpaka pumzi iniambie basi, na hapo nitageuka kwa heshima. Lakini kazi ya kuchagua njia amenipa mimi.

"Babu, wewe ndiye mwenye mlima," aliniambia kwenye simu. "Nitajie njia kabla ya Jumapili."

Alinitumia kijitabu chenye picha. Nimekisoma chote, pamoja na yale maandishi madogo ya mwisho ambayo watu waliosoma shule za mchana huwa hawayafikii.

Tatizo si kijitabu. Tatizo ni kwamba njia mojawapo, ya Rongai, inaanzia upande wa kaskazini, na huko ndiko anakoishi kaka yangu Aminieli. Hatujasemezana tangu kabla Aikande hajazaliwa. Tuligombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba alilotuachia baba. Mpaka wetu ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mstari mmoja. Kaka aliyang'oa akayapanda tena hatua moja ndani ya upande wangu. Mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Nilisema wakati ule na bado nasema. Yeye akasema, "Basi chukua yote," akahamia Rombo kwa wakwe zake. Siku ya kuondoka tuligawana hata mabuti ya marehemu baba, aliyopewa na mgeni ambaye baba alimbebea mizigo mlimani. Kaka alichukua kiatu cha kulia, mimi cha kushoto. Hakuna aliyekubali mwenzake apate jozi.

Sasa kaka anaumwa kifua. Aikande alilisema hilo katikati ya habari za mvua, kisha akajifanya hakulisema.

Basi, ndoto.

Langoni anakaa kinyonga. Amevaa sweta ya askari, na mkono wake mmoja uko njiani kuifikia kalamu.

"Shikamoo, mzee," anasema. Jicho moja linanitazama mimi, la pili linatazama nyuma yangu.

"Marahaba. Unamtafuta nani huko nyuma?"

"Mwenzako. Hapandi mtu peke yake."

"Sina mwenzangu."

"Kiatu chako kinasema unaye."

Natazama chini. Buti la kushoto linatikisa ulimi. "Nimesema ninachokijua," linasema. "Sikuulizwa zaidi."

"Keti," anasema kinyonga. "Njia zinakuja kujieleza. Mwenyeji huchagua akiwa amekaa."

Naketi, na kiti ni kochi la sebuleni kwangu, lenye vile vitambaa alivyovifuma mke wangu, Mama Shose. Mwenyewe anaingia na birika, wala hashangai.

"Wageni wako hao?" anauliza. "Wapanguse miguu."

Marangu anaingia wa kwanza, maana ni jirani. Ni mama mnene mwenye funguo kiunoni. "Kwangu utalala kitandani, baba," ananiambia. "Hawa wengine watakulaza kwenye hema kama mbuzi wa mnada."

"Kitanda!" anasema Machame, kijana mrefu anayetoka jasho. "Nani anakwenda mlimani kutafuta kitanda? Mimi nina mandhari." Anafungua koti, na kweli ndani yamo mandhari. Mawingu yanamwagika kwenye zulia. Mama Shose anakwenda kutafuta tambara.

Lemosho, anayetoka magharibi, amechelewa. Kichwa chake kimefika na kinasalimia vizuri, lakini mwili bado unaingia mlangoni, na tunaambiwa mkia uko msituni pamoja na nyati. "Msinisubiri," anasema. "Anzeni chai."

Umbwe haketi. Anapanda ukuta wima, anapita kando ya picha yetu ya harusi, anasimama karibu na dari. "Mimi sizunguki," anasema kutoka juu. "Anayezunguka ana lake."

Nilimpenda papo hapo.

Karibu na mlango, kwenye kile kigoda tusichompa mgeni, ameketi mzee mkavu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Anakohoa. Kikohozi hicho nakifahamu.

"Na wewe?" namuuliza, macho yangu yako kwenye birika.

"Rongai."

"Nani kakualika?"

"Nimo kwenye kijitabu," anajibu. "Ukurasa ule ulioukunja."

"Namchagua Umbwe," nasema kwa sauti. "Mtu mnyoofu, njia nyoofu."

Mama Shose anacheka hadi birika linacheza. "Mnyoofu! Mtu ambaye akisikia kuna msiba Rombo, ghafla mgongo unamuuma! Haya, panda ukuta, mnyoofu wangu. Usiniangushie picha."

Nageuka kumjibu, na sebule haipo. Tuko langoni tena, na tawini imening'inia mizani ya kupimia mizigo ya wapagazi. Kila mpagazi mwisho wake kilo ishirini, hiyo ni sheria na naiheshimu. Nami sina mzigo. Natundikwa kwa kola ya koti, mshale unazunguka, mizani inakohoa kidogo kabla ya kusema.

"Kilo kumi na tisa."

"Za nini? Mikono yangu mitupu."

"Za haki yako."

"Haki gani?"

"Ya kuwa sahihi. Imebaki kilo moja. Chagua, maji au sweta?"

Naomba ipimwe upya. Mizani inasema haki hiyo imekuwa ikipimwa kila mwaka, na kila mwaka inaongezeka. "Ulipoileta mara ya kwanza," inasema, "ilikuwa hatua moja tu ya udongo."

Nawaita wapagazi. Wanaukagua mzigo ambao mimi siuoni, wanaugusa pembeni, wanatazamana.

"Mzee," anasema mkubwa wao, "tumebeba majiko, tumebeba viti, tumebeba hata choo cha mgeni. Hiki hatubebi."

"Kwa nini?"

"Kina ncha. Kinatoboa mgongo wa asiye mwenyewe."

Basi naubeba mwenyewe. Nachagua maji. Napanda Umbwe, yaani napanda ukuta wa sebule yangu, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi. Mbele yangu anatangulia kinyonga, na kuna amri ya kwenda polepole, hivyo hairuhusiwi kumpita. Anainua mguu. Anaufikiria. Anaurudisha alikoutoa. Nyuma yangu naona watu wamezeeka wakisubiri.

Kijitabu kinasema mpandaji apande juu mchana na kulala chini, ili mwili uzoee hewa. Nilikuwa nimepigia mstari hapo. Kumbe wanamaanisha. Tukifika juu ya kabati, kinyonga anasema, "Sasa ulale chini," nami nateremka na kulala chini ya kitanda. Nikipata usingizi, anasema, "Juu." Juu ya kabati. Chini ya kitanda. Juu ya kabati. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka nikiwa macho. Hata kuchukia nimechoka, lakini mzigo umefungwa vizuri, nami ndiye niliyeufunga.

Hatimaye mabati ya paa yanaisha, tunatokea kileleni.

Kileleni hakuna barafu. Kuna masale. Mstari mmoja wa masale, na kando yake ukanda wa ardhi wenye upana wa hatua moja. Naujua ukanda huo. Migomba yake imelala chini kwa uzito wa mikungu isiyokatwa.

"Mbona huku hakuvunwi?" anauliza kinyonga.

"Kuna kesi."

"Nani anakula hizi ndizi?"

"Hakuna. Zinaiva, zinaanguka."

Kinyonga anaelekeza jicho moja kwenye ndizi zilizooza na lingine kwenye mgongo wangu. Kisha anayabadilisha.

"Lakini nilikuwa sahihi," namwambia.

"Ndiyo."

"Baba aliyapanda masale hapa nikiwa nimemshikia kamba. Niliona kwa macho yangu."

"Ndiyo, mzee. Ulikuwa sahihi. Hakuna aliyekataa."

Miaka yote nimejiandaa kwa mtu wa kubishana nami. Nilikuwa na hoja za kwanza na za akiba. Nikakaa chini kwenye zile ndizi, na koti langu zuri.

Ng'ambo ya masale mtu anakohoa. Ni Rongai, bado amekalia kigoda changu.

"Kilele ni hiki hiki," anasema, "lakini hujafika. Umekuja kwa ukuta. Rudi, unipande mimi."

"Lango lako liko wapi?"

"Lango langu lina mbwa mmoja na mlango mmoja wa bati. Lazima upige hodi."

"Na akinifukuza?"

"Tangu lini mtu mwenye isale akafukuzwa?"

Hilo nalijua tangu utotoni. Kwetu, jani la isale, mmea mmoja wa masale, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu mliyekosana, ni ombi la amani. Aliyeletewa halikatai, hata kama moyo wake unawaka. Mimea ileile inayotutenga shambani ndiyo tunayochumia jani la kupatana. Nimeishi nayo dirishani miaka yote hii na sikuwahi kuinyooshea mkono.

"Mimi ndiye mdogo," namwambia Rongai, "na mdogo ndiye hupeleka. Sawa. Lakini hata kama mdogo ndiye aliyekuwa sahihi?"

"Hasa huyo. Aliyekosea ana aibu, na aibu haina miguu. Na huyu wa kwangu sasa hana hata pumzi."

Nachuma jani. Najaribu kulifunga, linateleza. Vidole vimekufa ganzi.

"Si hivyo," linasema buti. "Unafunga kwa kulia. Mimi nilifundishwa kwa kushoto. Pitisha chini kwanza, halafu ulivute kuelekea moyoni."

Kaka Aminieli hutumia mkono wa kushoto. Ndiye aliyekuwa akinifungia kamba za viatu tukienda shule, na zilikuwa hazifunguki mpaka jioni. Napitisha chini. Navuta. Fundo linakaa.

Kutoka langoni, chini kabisa, mizani inapiga kelele: "Mshale umelala!"

"Nimeiacha haki yangu?" namuuliza kinyonga. Nilitaka kujua, maana sikuwa nimekubali kuiacha.

"Huwezi kuiacha huku. Kilichopanda nawe lazima kishuke nawe, hiyo ni sheria ya mlima. Umeitua tu. Utashuka nayo mkononi kama mwavuli."

"Na mwenzangu?"

Jicho lake la nyuma, lile lililokuwa likitafuta tangu mwanzo, linatulia. "Nimemwona," anasema. "Ana kiatu cha kulia."

Nikaamka.

Nilikuwa chini ya kitanda. Kulikuwa kumepambazuka, na miguu ya Mama Shose ilikuwa imesimama mbele ya pua yangu.

"Baba Shose, umeanguka?"

"Nimelala chini baada ya kupanda juu."

"Haya," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Nilijipangusa, nikavaa meno, nikaenda stoo. Stoo ina kufuli moja, na ufunguo wake hukaa kwenye kamba shingoni mwangu. Buti la baba lilikuwa kwenye msumari wake, na vumbi lake, na utando wa buibui umeunganisha kisigino na ukuta. Nikalishusha nitazame kama panya hawajalila ndani.

Ndani mlikuwa na jani moja la isale, bichi, lenye umande. Lilikuwa limefungwa fundo. Nililigeuza mara mbili kwenye mwanga wa mlango. Lilifungwa kwa kushoto.

Mama Shose alipoliona mkononi mwangu aliacha kuchochea moto. Hakuuliza limetoka wapi. Alisema tu, "Posta leo wanafunga saa sita," akanisogezea kigoda kile tusichompa mgeni.

Nilimpigia Aikande kwanza. "Rongai," nikamwambia. Akasema, "Asante, Babu," kwa sauti ya mtu anayepangusa pua.

Kisha nikachukua karatasi safi nikaandika kwa mwandiko wangu wa kuunganisha, bila kufuta neno:

"Kaka Aminieli, shikamoo. Mwezi wa nane naja na Aikande kupanda mlima kwa upande wako, na tutaanza kwa kupiga hodi mlangoni kwako. Hilo jani limechumwa mpakani. Kiatu cha kushoto ninacho. Tafuta cha kulia."

Nikaiweka barua na jani ndani ya bahasha, nikaibandika kwa uji wa asubuhi kwa kuwa gundi yake imekauka, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka uji ukashika. Nikavaa koti, nikashuka posta polepole. Njiani nilimwona kinyonga kwenye ua wa watu, nami sikumpita mpaka alipomaliza kuvuka. Dirishani nilimpa dada wa posta bahasha, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la Rombo.